Sikio la Kushoto la Fundi Mugo

Sikio la kulia Mugo alilitumia kwa watu, la kushoto akaliweka kwa ajili ya injini. Ndivyo alivyopenda kusema, na pale gerejini Kitengela hakuna aliyembishia kwa sababu wote walikuwa wamemwona kazini. Gari likiletwa linalalamika, hakukimbilia kulifungua. Aliliacha lingurume, akachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha akaiegemeza kwenye chuma cha injini, mpini akaukandamiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio la kushoto, kisha akafumba macho. Akishakaa hivyo kidogo anakuambia ni beringi, au ni pampu ya maji, au ni tapeti ya silinda fulani. Ukifungua, unakuta ni pale pale aliposema.

Mafundi wengine hutumia sikio lolote lililo karibu. Mugo alitumia la kushoto kwa sababu lilikuwa bovu. Tangu utoto wake kule Embulbul lilikuwa likitoa maji, wakati mwingine usaha, na harufu ambayo mkewe Waceke aliizoea mapema katika ndoa yao kama mtu anavyozoea moshi wa jiko. Kelele za barabara ya Namanga hazikuingia humo vizuri. Malori, redio za maduka, vijana wakibishana kuhusu mpira, yote yalibaki nje ya pamba aliyolizibia sikio hilo. Lakini kitu kikipitia mfupani kililia humo ndani kwa uwazi kuliko kwenye sikio zima. Kwa hiyo Mugo hakuliona kuwa ugonjwa. Alibadilisha pamba kila asubuhi. Likitoa usaha sana, Waceke alinunua dawa ya matone kwa duka la dawa, likikauka, wakalisahau. Waliishi nalo kama watu wanavyoishi na paa linalovuja kwenye kona asikolala mtu.

Waceke alikuwa na duka la spea lililopakana na gereji. Akisimama nyuma ya kaunta aliona kila kitu, na ndivyo alivyokuja kuiona asubuhi ile Kakuta alipoleta pikapu yake.

Kakuta alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka pande za Kajiado, mteja wa miaka mingi.

"Sopa, fundi," akasalimia kwa Kimaasai.

"Ipa," Mugo akaitikia. "Leo imekuja na miguu yake ama umeivuta?"

"Imekuja yenyewe, lakini inakohoa kama mzee. Ilianza hapo Isinya."

"Umeibebesha ng'ombe mpaka sasa inataka kucheua," akasema Obonyo, fundi aliyefanya kazi na Mugo, huku akifungua boneti. "Wewe ilishe tu nyasi."

Mugo akaweka bisibisi mahali pake, akafumba macho. Waceke alikuwa akipanga vichujio vya mafuta rafuni. Alipogeuka alimwona mumewe amefumbua macho ghafla na kushika bodi ya gari kwa mikono yote miwili. Bisibisi ilikuwa imeanguka. Kisha Mugo akaanza kushuka polepole, kama mtu anayetafuta nati iliyodondoka.

"Mzee, umeangusha nini?" Obonyo akauliza akicheka.

"Shika gari," Mugo akasema. "Obonyo, shika gari, inageuka!"

Gari lilikuwa limesimama. Mugo akatapika juu ya viatu vyake mwenyewe.

Waceke alipomfikia na kumwinua kidevu, aliyaona macho yake. Yalikuwa yanakimbia upande mmoja, yanarudi, yanakimbia tena, kama ya mtu anayesoma kwa haraka mstari baada ya mstari. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema ni presha. Mwingine akasema fundi hajakula. Kakuta akasaidiana na Obonyo kumbeba Mugo mpaka ndani ya duka, wakamlaza juu ya maboksi.

Nyumbani alilala kwa upande mmoja tu, uso ukielekea ukuta. Akijaribu kugeuka, nyumba nzima iligeuka naye. Kijana wa duka la dawa alikuja na mashine yake akapima presha, akaikuta sawa. Wote waliokuwepo wakasikitika kidogo, kwa kuwa presha ingekuwa kitu wanachokijua.

Obonyo ndiye aliyewapeleka kliniki, Mugo akiwa amelala kiti cha nyuma na beseni mapajani mwa Waceke. Aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, Valerie Achola, ambaye watu walimwita daktari ingawa mwenyewe alisema kila mara kuwa yeye ni klinikal ofisa.

"Baba, ni kichwa kinakuwa chepesi, ama ni nyumba inazunguka?"

"Inazunguka. Kama feni."

"Na hiyo pamba ni ya nini?"

"Hiyo ni mambo ya zamani, daktari. Haina shida. Tuongee hii ya kichwa."

"Ni moja, baba. Hii ya kichwa ndiyo hiyo ya pamba."

Aliitoa pamba, akatazama ndani ya sikio kwa tochi yake ndogo, na hakuharakisha. Kisha akafanya jambo ambalo Waceke hakulitarajia. Aliweka kidole kwenye kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, akakibonyeza ndani. Mugo akapiga kelele na kung'ang'ania meza. Macho yake yakaanza tena kukimbia. Achola akatoa kidole, macho yakatulia. Akabonyeza mara ya pili, kwa upole zaidi, na ikawa vile vile. Waceke alitazama kidole kikizungusha dunia ya mume wake na kuisimamisha.

"Mama, umeona?"

"Nimeona."

"Mfupa unaolinda sikio la ndani umetoboka. Hapa naweza kumpa sindano ya kuzuia kutapika na dawa ya usaha, lakini ugonjwa wenyewe si wa kliniki. Kizunguzungu kikija peke yake, mara nyingi ninakitibu. Sikio la usaha peke yake, ninajaribu. Vikija pamoja, na kusikia kumeshuka, hapo mimi sina kazi. Hiyo ni ya daktari wa masikio. Nawaandikia rufaa muende Kajiado. Na ni sasa, si mwezi ujao."

"Lakini inasikia," Mugo akasema. "Hii sikio iko hai. Mimi ndiyo natumia kwa kazi."

Akamweleza habari za bisibisi, kwa sauti ya chini, macho amefumba ili asione chumba. Achola akamsikiliza. Kisha akatoa kwenye droo ya meza yake chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kwenye goti lake, akakisimamisha katikati ya paji la uso la Mugo.

"Unasikia wapi?"

"Kushoto!" Mugo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku aliyoanguka, akamgeukia mkewe. "Mama Ann, umesikia hayo? Kushoto ndiko kuna kazi."

Achola hakucheka. "Ni vizuri kwa leo. Maana yake mlango umeharibika lakini ndani bado kuna uhai. Sasa mnisikilize wote wawili. Kichwa kikiuma sana, shingo ikikauka, homa ikipanda, uso ukivutwa upande mmoja, msingoje siku ya miadi. Na hii sauti ya mfupa ikinyamaza, pia msingoje."

Walikwenda Kajiado mwanzo wa wiki iliyofuata. Daktari wa masikio alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Aliwatuma wapige skani, na picha zilipotoka akaziweka mbele ya taa na kuwaita wasogee. Upande wa kulia mfupa ulikuwa na vyumba vidogo vidogo, kama sega la nyuki. Upande wa kushoto palikuwa na shimo moja.

"Ni ngozi," akasema. "Ngozi iliyoota ndani, mahali pasipo pake. Imekuwa ikijilundika humo tangu ukiwa mtoto, na inakula mfupa. Imeshafika kwenye sikio la ndani, ndiyo maana unazunguka. Kutoka hapo mpaka kwenye ubongo si mbali. Ningependa ulale hapa leo."

"Leo kuna magari ya watu yamefunguliwa, daktari."

"Magari yatangoja."

Mugo akaitazama tena picha ya upande wa kushoto. Kisha akauliza, "Utachonga wapi?"

Daktari akanyoosha mkono akagusa mfupa ulio nyuma ya sikio la kushoto. Pale palikuwa na ngozi ngumu, laini kama mpini, iliyotengenezwa na miaka ya bisibisi. Kidole cha daktari kikasimama juu yake kidogo, kana kwamba kinajiuliza ni nini.

"Na nikishachongwa nitasikia?"

"Sitakuahidi. Pengine utasikia kidogo, pengine upande huu utanyamaza kabisa. Kwanza nitaokoa kichwa, sikio baadaye. Una lile lingine, zima kabisa. Watu wengi wanaishi na sikio moja."

"Hilo lingine ni la watu," Mugo akasema.

Daktari hakuelewa. Waceke alielewa, na alipomtazama mumewe akaona kwamba ameshaondoka mle chumbani, amebaki mwili tu kwenye kiti. Waliafikiana Alhamisi ya wiki ya pili yake. Daktari hakufurahi. Alimwandikia vidonge, akamwambia Waceke waziwazi kwamba siku hiyo isisogezwe hata kidogo.

Kizunguzungu kibaya kuliko vyote kilikuja waliporudi kutoka Kajiado. Mugo alitapika mpaka ikawa nyongo tupu. Hakuweza kuvumilia hata mwanga wa dirishani. Waceke alifunga duka, akakaa sakafuni kando ya kitanda, maana kila akikaa kitandani godoro lilitikisika na mumewe akalia. Alitaka kumrudisha Kajiado, lakini Mugo akamsihi asimguse, asimpakie kwenye gari lolote, afadhali afe akiwa ametulia. Wanawake wa ushirika wa kanisani kwao wakaja alasiri, Cate mwenyekiti wao akiwa mbele, wakamzunguka, wakaweka mikono juu ya blanketi, wakaomba kwa zamu. Cate alikuwa mwanamke wa maneno machache na imani nyingi. Alipomaliza alimshika Waceke bega akasema, "Tulia, dada. Hii tumeikabidhi."

Ikaanza kupungua. Siku moja Mugo aliweza kuketi akanywa uji. Siku nyingine akatembea akishika ukuta mpaka mlangoni. Jumamosi asubuhi Waceke alirudi kutoka kuteka maji akamkuta amesimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha kando, anatabasamu kama mtoto aliyejifunza baiskeli.

"Imesimama," akasema. "Mama Ann, nyumba imesimama."

Waceke akaweka mtungi chini akalia.

Kanisani kwao kuna desturi. Mtu aliyetoka kitandani haingii tu na kukaa kwenye benchi yake kama jana. Huitwa mbele pamoja na watu wa nyumba yake, wakiwa wamebeba chochote walicho nacho, unga, mafuta ya kupikia, mkungu wa ndizi, na mwenyewe husimama akasema alikotoka. Hiyo ndiyo shukrani. Baada yake ugonjwa huo haupewi tena jina; watu hawamwulizi tena habari zake, na yeye halalamiki tena, kwa kuwa kulalamika kungekuwa kuomba kurudishiwa kile alichokitoa.

Jumapili hiyo Mugo akasimama mbele. Alitanua miguu kidogo kuliko kawaida, lakini alisimama.

"Wiki hii nilikuwa natambaa kwa nyumba yangu," akasema. "Mke wangu alikuwa ananilisha na kijiko. Leo nimekuja na miguu."

Watu wakapiga makofi. Cate akaanzisha wimbo. Waceke, akiwa ameshika debe la mafuta ya kupikia, alihisi kifua chake kikifunguka kama dirisha lililokuwa limekwama.

Jumatatu gereji ikafunguliwa. Kakuta alikuwa amengoja bila kupeleka pikapu yake kwa fundi mwingine, na alipomwona Mugo alimshika mkono kwa muda mrefu.

"Nilisema hii gari itamngoja mwenyewe."

"Imekohoa vya kutosha. Iwashe."

Waceke alitazama kutoka kaunta. Bisibisi kwenye chuma, mpini nyuma ya sikio la kushoto. Lakini macho ya Mugo hayakufumba. Yalibaki wazi, yakitazama mbele kwa namna aliyoijua, namna ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo daima ina watu. Mugo akakandamiza zaidi. Akahamisha ncha mahali pengine. Akagonga mpini kwa kifundo cha kidole. Kisha, polepole, kana kwamba anajikuna tu, akauhamishia kwenye sikio la kulia na kuliziba kwa kiganja ili kelele za barabarani zisiingie.

"Ni beringi ya alternata," akasema mwishowe.

Obonyo akaifungua. Beringi ilikuwa nzima. Walipoendelea kutafuta wakakuta ni pampu ya maji.

"Ai, mzee! Leo gari imekuongopea?" Obonyo akamtania. "Ama umelala sana umesahau lugha yake?"

Gereji nzima ikacheka, na Mugo akacheka kwa sauti kuliko wote.

Alipokuja dukani kuchukua pampu, Waceke alimshika mkono juu ya kaunta. "Baba Ann. Hilo sikio linasikia?"

"Linasikia vizuri. Ni vile Kakuta alinisemesha katikati."

Kakuta hakuwa amesema neno. Waceke alijua hivyo. Lakini mumewe alikuwa amesimama mbele yake kwa miguu yake miwili, ana grisi mikononi, harufu ya gereji imerudi mwilini mwake. Akampa pampu, akamgeukia mteja wa plagi.

Jumatano jioni alipanga nguo kwenye mfuko: vesti, taulo, kandambili, sabuni. Mugo akaingia akamkuta.

"Unapanga nguo za nani?"

"Kesho ni Alhamisi."

"Mama Ann, sisi tumetoa shukrani."

"Daktari alisema hiyo siku isisogezwe."

"Alisema hivyo nikiwa nazunguka. Sasa sizunguki. Nikienda kulala kwa kitanda ya hospitali, Jumapili nilikuwa nadanganya nani? Kanisa ama Mungu?"

"Ngozi bado iko ndani. Tuliiona kwa picha."

"Kwa picha." Akaitoa taulo mfukoni akaitundika tena msumarini. "Mtu anakata mti uliokauka wa nini?"

Maneno hayo yalimshtua Waceke, lakini Mugo alikuwa ameshatoka nje. Akampigia Cate simu, akitumaini kwamba yeye, ambaye Mugo alimheshimu, angesema waende.

"Hospitali pia ni ya Mungu, sikatai," Cate akasema. "Lakini mngengoja kabla ya kusimama mbele. Sasa mmeshasimama. Watu wakisikia amelazwa kwa ugonjwa ule ule watasema nini, dada? Ngojeni kidogo. Ikirudi, mtaenda."

Alhamisi adhuhuri simu ya Mugo ililia. Ilikuwa Kajiado. Alisimama akielekea ukuta wa gereji, simu kwenye sikio la kulia, na Waceke akasikia upande wake tu. "Ndiyo, daktari. Hapana, haizunguki tena. Ndiyo. Ndiyo, iko sawa. Hapana, mpe mwingine hicho kitanda. Asante sana." Daktari aliendelea kuongea kwa muda mrefu kabla simu haijakatika. Waceke alipouliza alichosema, Mugo akajibu ni salamu tu.

Haikurudi kama Cate alivyodhani ingerudi. Nyumba haikuzunguka tena. Kilichokuja kilikuwa maumivu ya kichwa, kwanza ya kawaida, ya mtu aliyeshinda juani akifungua gia-boksi. Mugo alimeza vidonge akaenda kazini. Siku iliyofuata akarudi kabla ya chakula cha mchana. Asubuhi ya pili yake alimwomba Waceke afunge pazia, na Waceke alipotaka kumvalisha shati aligundua kwamba kichwa hakiinami. Kidevu kilikataa kushuka kifuani. Ngozi yake ilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Hakuuliza mtu yeyote. Alimpigia Obonyo.

Barabara ya kwenda Kajiado imenyooka, na Obonyo aliendesha taa zikiwa zimewaka mchana. Waceke alikaa nyuma na kichwa cha mumewe mapajani, amekishika kwa mikono yote miwili ili kisitikisike. Walipoipita Isinya Mugo akafumbua macho.

"Mama Ann."

"Niko hapa."

"Ongea na upande ule mwingine. Huku sikusikii."

Waceke akainama upande wa kulia. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ya Kakuta. Niliweka bisibisi, kukawa kimya. Kimya kabisa, kama gari limezimwa."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza." Akapumua kwa taabu. "Nilifikiri hayo ndiyo malipo. Sikio limeenda, kizunguzungu kimeenda nalo. Nikasema basi, tumemalizana. Watanichonga nini tena?"

"Daktari wa simu alikuambia nini?"

"Alitaka kujua kama nasikia na ile ya mfupa." Macho yakafumba. "Nikamwambia nasikia."

Mbele, Obonyo alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akaongeza mwendo.

Baada ya hapo Mugo alisema mambo mengine, lakini hayakuwa ya Waceke. Alimwita mamake aliyekufa zamani. Alimwambia mtu azime injini.

Kajiado walimchukua mara moja. Walimtia dawa kwenye mshipa, wakamtoa maji mgongoni, na maji hayo, Waceke aliyaona kwenye kichupa, yalikuwa na ukungu kama maji ya mchele. Yule daktari mrefu akaja akakaa naye kwenye benchi la ukumbini.

"Kizunguzungu kiliisha lini, mama?"

"Jumamosi. Ile kabla ya Alhamisi yako. Jumapili tukatoa shukrani."

Daktari akatazama mikono yake.

"Hakikuisha kwa kupona," akasema. "Sikio la ndani lilikufa. Likiwa linaumwa ndipo linakuzungusha, kwa sababu bado linapigana. Likishakufa, kichwa kinalizoea, mtu anasimama, anatembea. Lakini usaha haufi nalo. Unatafuta njia."

"Kwa hiyo ile siku aliposimama..."

"Ndiyo, mama."

"Alisimama katikati ya nyumba," Waceke akasema. "Alikuwa anacheka."

Mugo alifariki siku iliyofuata, jua likiwa limeshapanda. Waceke alikuwa amekaa upande wa kulia wa kitanda. Alikuwa amezungumza naye tangu alfajiri, juu ya Ann bintiye aliyekuwa njiani kutoka shule ya bweni, juu ya mvua iliyokataa, na alipoona muuguzi anazima mashine hakuacha mara moja, alimalizia kwanza sentensi yake.

Walimzika Kimuka, kwenye kipande cha ardhi walichokuwa wamenunua wakipanga kujenga. Upepo ulipeperusha turubai mpaka vijana wakalazimika kushikilia nguzo zake. Watu wa gereji walikuja wote, Kakuta akaja na ndugu zake wakasimama nyuma wakiegemea fimbo. Cate alipopewa nafasi ya kusema alisimama wima.

"Mungu wetu ni wa ajabu," akasema. "Angeweza kumchukua ndugu yetu akiwa anatambaa. Hakutaka. Alimwinua kwanza. Akampa siku za raha, akafanya kazi yake, akacheka na marafiki zake, ndipo akamwita. Mama Ann, shika hilo. Shika zile siku."

Watu wakaitikia amina. Wengi walifuta machozi, na Waceke aliona kwamba walifarijika kweli, kwamba hayo ndiyo maneno watakayobeba kurudi nayo nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, leso mkononi. Angeweza kuinuka. Alijiona akiinuka, akisema ni siku gani zile, na mfupa ulikuwa unaliwa vipi zikiendelea. Kisha akamwona Ann amelaza kichwa begani mwa Cate, amefumba macho, anaitikia amina na wengine. Akabaki alipokuwa.

Jioni, watu walipopungua, alikaa nyuma ya nyumba ya jirani akisugua vyombo pamoja na Virginia, shangazi yake Mugo aliyetoka Embulbul. Virginia alisugua kwa majivu, mikono yake ya kizee ikienda kwa nguvu.

"Na wakati alikuwa amepona kabisa," akasema. "Mimi mwenyewe aliniongelesha kwa simu. Aliniambia, shangazi, niko sawa. Hii presha ni mbaya sana."

"Haikuwa presha," Waceke akasema. "Na hakuwa amepona. Ni lile sikio."

"Sikio gani?"

"Lile la kushoto. La usaha."

Virginia akaacha kusugua, akamtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mfiwa ambaye hajalala.

"Lile la utotoni? Hapana, mwanangu. Mimi nilikuwa nalisafisha na manyoya ya kuku, alikuwa hata hajaanza shule. Watoto wote walikuwa nayo." Akatikisa kichwa. "Sikio haliui mtu mzima. Usijitese na mambo kama hayo. Niletee ile sufuria kubwa."

Waceke akasimama, akaenda kuileta.